Tai wa Getini

Mzee mmoja wa huku kwetu Litein, fundi wa kuchora nembo kwenye mageti ya shule, jicho la tai hulitia mwisho. Mabawa yatakauka, ngao itazungushiwa mstari, kaulimbiu itaandikwa, na pale pa jicho patabaki bati tupu. Kisha huchovya ncha ya brashi kwenye rangi ya manjano, huegemeza mkono juu ya fimbo, hubana pumzi na kugusa mara moja tu. Hapo geti linakutazama.

Tai wake ni yule mweusi mwenye kishungi, anayekaa kwenye nguzo za umeme kando ya mashamba ya chai akivizia panya, Kericho hadi Mogogosiek. Upepo ukivuma, kishungi hulala upande. Naye mzee hukichora kimelala. Mwalimu mkuu mmoja alimwomba akisimamishe, kionekane cha heshima. "Mwalimu, huku kwetu kuna upepo," akamjibu, akaendelea na kazi.

Kujitambulisha kwa mnyama hatukufundishwa na Wazungu. Kwa Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, ukoo wa Talai una simba, Moi wana korongo mwenye taji, Sogom wana mwewe. Mataifa nayo yakafuata njia hiyohiyo: Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 ilimweka tai-mvuvi juu ya ngao yake, na Sudan Kusini ikamchukua ndege huyohuyo mwaka 2011. Sisi Kenya tulimchagua jogoo mwenye shoka, na chai yetu imo miongoni mwa mazao yaliyochorwa chini ya ngao. Wote hao walichagua kiumbe wanayemjua.

Siku hizi shule huagiza stika. Kijana wa kompyuta hupakua tai kwenye intaneti, na anayekuja ni yuleyule mwenye kichwa cheupe, wa muhuri wa Marekani tangu mwaka 1782, ambaye hajawahi kuruka juu ya Bomet. Nimeona geti ambalo tai wa mzee alikwanguliwa kwa msasa ili huyo mgeni abandikwe, na masika hayajaisha pembe za stika zimeanza kubanduka. Wanafunzi wanaipita kila asubuhi, na tai wao halisi yuko nguzoni, hatua chache tu kutoka hapo. Kamati ya shule ilipitisha malipo bila hata mmoja kuuliza ni ndege gani.