Maji yalifika magotini: mitaro ya Dar es Salaam ilivyoingia kwenye ramani

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kubeba abiria Dar es Salaam mwaka 2016, yalikuja na njia yake, vituo vyake na tiketi inayokatwa kabla ya kupanda. Karakana yake ilikuwa imejengwa Jangwani, chini kabisa kwenye bonde la mto Msimbazi. Mvua kubwa ikinyesha, karakana hujaa maji na Barabara ya Morogoro hufungwa. Mwaka 2018 mabasi kadhaa yaliharibikia humo humo.

Mkazi yeyote wa bondeni angeweza kuwaeleza wapangaji hayo mapema, tena bila ada ya ushauri. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi zilizonusurika zikahamishiwa Mabwepande kuanza upya. Watu waliyajua maji. Ila walichokijua hakikuwa katika umbo ambalo mhandisi anaweza kulitia kwenye hesabu zake, na ndiyo maana mradi wa Ramani Huria, uliochora mitaa na mitaro ya jiji hilo, unastahili kuchambuliwa na kila anayezungumzia miji janja.

Mradi huo ulianza 2015, baada ya kata ya Tandale kuchorwa kwa majaribio mwaka 2011. Uliwakutanisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na data zake ziliwekwa kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap, ambako yeyote anaweza kuzichukua bila kuomba kibali. Ndege nyuki, yaani ndege ndogo zisizo na rubani, zilipita juu ya vitongoji zikapiga picha zenye undani wa sentimita chache kwa kila nukta. Kutokana na picha hizo nyumba zikachorwa, paa kwa paa.

Wageni walizipenda sana hizo ndege. Lakini picha ya angani huishia kwenye bati. Haikuonyeshi mtaro uliofunikwa kwa mabamba ya zege, wala kalavati lililozibwa na godoro, wala mtaro unaokwenda vizuri hatua mia kisha ukagonga ukuta wa mtu. Kwa hiyo wanafunzi walishuka mitaani na simu, vipokezi vya GPS na ramani zilizochapishwa, wakaandika habari za kila mtaro: upana, kina, umejengwa kwa zege au ni udongo mtupu, unapitisha maji au umeziba.

Hawakwenda peke yao. Mipaka ya kata na mitaa inapatikana ofisini, lakini mpaka wa shina mara nyingi umo kichwani mwa mjumbe tu. Shina kwa asili ni ngazi ya chama cha siasa, lakini uswahilini ndilo anwani: ukipotea unamuulizia mjumbe. Mjumbe ndiye aliyefungua milango na kuwatuliza waliodhani wanapimiwa nyumba ili zibomolewe. Hofu hiyo haikuwa upuuzi, kwani alama nyekundu za X zilizochorwa kwenye nyumba za kubomolewa bondeni walikwisha kuziona.

Kilichonivutia zaidi ni namna kina cha mafuriko kilivyopimwa. Mtu aliyeamshwa na maji usiku wa manane hakumbuki sentimita. Anakumbuka yalimfika wapi: kwenye kifundo cha mguu, goti au kiuno. Wakazi wakaulizwa hivyo hivyo, na majibu yakageuzwa namba. Kipimo hiki ni cha kukadiria, kwa sababu goti la fundi si goti la mtoto wake, lakini majirani kumi wakitoa jibu moja, makosa hupungua, na alama ya tope ukutani husaidia pale wanapobishana. Namba hizo zikilinganishwa na miinuko ya ardhi iliyotokana na picha za ndege, unaanza kuona maji yatasambaa hadi wapi. Kisha programu kama InaSAFE, iliyozaliwa Indonesia, huweka eneo la mafuriko juu ya ramani ya majengo na kuhesabu nyumba, shule na zahanati zilizomo ndani.

Udhaifu upo, na si wa kiteknolojia. Mtaro uliopimwa Januari ukiwa wazi huweza kujaa mchanga kabla masika hayajaisha. Isitoshe, mfereji mmoja unaweza kuanza pembeni mwa barabara kuu ya TANROADS, ukapita kwenye barabara ya mtaa iliyo chini ya TARURA, ukaishia nyuma ya nyumba za watu ambako manispaa ndiyo hutazamiwa. Ramani huuonyesha kama mstari mmoja, lakini bajeti zake ni tatu.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, na kuihamisha karakana ya Jangwani ni sehemu ya mradi huo. Vizuri. Lakini mto unaanzia vilima vya Pugu, na mchanga unaoziba chini ya daraja la Jangwani huteremka kutoka juu kila msimu, ukipitia mitaro ile ile ya uswahilini. Kwa hiyo mimi, kabla ya kununua kihisio hata kimoja cha kupimia maji, ningeongeza safu mbili kwenye jedwali la mitaro, baada ya upana na kina: ofisi ipi inauzibua, na tarehe ulipozibuliwa mara ya mwisho.