Taa ya 'Kimashariki': mashariki ya nani?

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi kazi yake ni tafsiri, amenitumia ukurasa wa katalogi ya mnada. Pichani mna taa ya ukutani, kazi ya mafundi wa Vienna, Austria, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanamume mwenye kilemba amesimama chini ya tao, taa ikining'inia juu ya kichwa chake. Kijana amefasiri: "Taa kongwe ya shaba nyeusi, mtindo wa Kimashariki." Akaniuliza, "Mwalimu, hapo niko sawa?"

Kwa "shaba nyeusi" nampa heko. Wengi wetu husema "shaba" tu, basi, ilhali hii ni shaba iliyochanganywa na madini ya bati. Kinachonikwaza ni "Kimashariki".

Mashariki ya nani? Wasanii wa Ulaya wa karne ya 19 waliopenda mtindo huu walivutiwa na Istanbul, Cairo na Algiers. Hebu itazame ramani. Algiers iko kusini mwa Paris, karibu moja kwa moja. Kwetu Nairobi, Cairo ni kaskazini. Moroko nayo Waarabu huiita Maghrib, neno lile lile lililotupa "magharibi". Yaani magharibi ya wenyewe imegeuzwa mashariki na wageni! Neno hili, basi, halitaji mahali, linataja jicho linalotazama.

Jicho hilo halikuwa moja. Mwaka 1848, Ufaransa ilipokomesha utumwa katika makoloni yake, mchongaji Charles Cordier alionyesha jijini Paris sanamu ya mtu wa Darfur, akaipa jina Saïd Abdallah. Tunaweza kumlaumu Cordier kwa mengi, lakini mtu wake ana sura na jina. Huyu wa ukutani hana. Mikunjo ya kanzu imefinyangwa kwa ustadi, siukatai, ila uso wake ungeweza kuwa wa yeyote. Yuko pale kumulikia wengine sebule.

Waarabu humwita Mzungu aliyejitia kuichambua dunia yao mustashriki. Nimemshauri kijana aandike "mtindo wa kimustashriki". Atalazimika kulieleza neno hilo, najua, na mnunuzi huenda akanung'unika. Heri hivyo. Akiliacha "Kimashariki", msomaji wetu atadhani ndivyo watu wa huko walivyojiona wenyewe.