Kengele Iliyotaja Mtaa Unaoungua

Septemba 2020 moto uliteketeza bweni la shule ya msingi pale Itera, wilayani Kyerwa, ukaua wanafunzi 10. Tangu hapo, nikipita Igurwa au kata za jirani, siwezi kuiona rimu ya gari iliyotundikwa mtini shuleni iwe kengele bila kujiuliza: hii ikigongwa usiku wa manane, mtu aliye kilima cha pili ataelewa nini? Atajua kuna jambo. Ni wapi, hatajua.

Swali hilo lilipata jibu zamani huko Harlem, New York. Katika bustani ya umma ambayo tangu 1973 inaitwa kwa jina la Marcus Garvey, juu ya kilima cha mwamba, umesimama mnara wa kuchungulia moto wenye kimo cha mita 14 hivi. Ulijengwa katika miaka ya 1850. Jiji lilikuwa na minara kadhaa ya chuma ya aina hiyo. Huu tu ndio uliobaki.

Iliyotangulia ilikuwa ya mbao, nayo ilikuwa hatarini kuungua. Julius Kroehl, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani ambaye baadaye aliunda nyambizi, alisimamisha nguzo za chuma cha kusubu, akalaza mihimili juu yake, akapandisha tabaka juu ya tabaka bila kuta. Hapo ndipo pana ufundi. Mzigo wote unashuka kwenye nguzo, upepo unapita katikati, na mlio wa kengele unatoka pande zote bila kuzuiwa. Ngazi ya mzunguko inafika kileleni kwa mlinzi. Kengele inaning'inia chini yake.

Kengele yenyewe, iliyosubiwa mwaka 1865, ina uzito wa kilo 4,500 hivi. Uzito huo una kazi. Kengele kubwa hutoa mlio mzito, na hewa huufifisha mlio mwembamba upesi kuliko mzito, kwa hiyo mzito hufika mbali.

Lakini kufika mbali hakutoshi. Jiji liligawanywa katika maeneo yenye namba. Mlinzi akiona moshi, aligonga mapigo sawa na namba ya eneo, akatulia, akarudia. Mzima moto alihesabu akiwa bado anavaa viatu, akatoka akijua aelekee wapi.

Simu za maandishi (telegrafu) ziliichukua kazi hiyo kabla ya 1880. Wakazi wakaomba kengele iendelee kulia kutaja saa, na ikalia kwa miaka mingi. Mwaka 2015 mnara ulifumuliwa kipande kwa kipande ukatengenezwe. Ulirudi kilimani 2019.

Sisi leo tunapiga 114, na ni lazima tupige. Ila simu hiyo inawaita Zimamoto, haimwamshi jirani mwenye ndoo, naye ndiye anayefika kwanza. Rimu tunayo tayari. Naona ihamishiwe mahali pa juu, ining'inie kwa mnyororo bila kugusa shina, maana ikigusa mlio unakufa, na igongwe kwa nyundo nzito. Kila kitongoji kipewe namba yake: mapigo matatu, kimya, matatu tena, na watu wa vilima vyote wanajua ni kitongoji cha tatu.