Asilimia 85 ya Nini?

Tangazo la Génifique, kipodozi cha Lancôme, lilikuwa na grafu: ndani ya siku 7, asilimia 85 ya watumiaji walipata ngozi inayong'aa kikamilifu. Asilimia ni hesabu. Kung'aa kikamilifu ni sifa tu. Nani aliipima, kwa kipimo gani? Matangazo yalidai pia kwamba kipodozi hicho huchochea jeni. Mwaka 2014, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilisema madai ya jeni hayana ushahidi, na L'Oréal, mmiliki wa Lancôme, ikakubali kutoyarudia bila uthibitisho wa kisayansi. Lugha yenyewe haikuondoka. Kopo linaposema "imethibitishwa kitaalamu", sarufi yetu inatuonya: kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, mtenda hayumo. Kabla ya kutoa hela, tuulize: na nani?