Ngozi ya Mbuzi wa Kihausa

Wajalidi wa Ulaya wakisema "moroko" humaanisha ngozi laini ya mbuzi, yenye vichembe usoni, inayokunjwa mgongoni mwa kitabu miaka nenda miaka rudi isipasuke. Mji wa Fez nchini Moroko una mafundi wake hodari, hilo halina ubishi. Lakini ngozi nyingi zilizouzwa kwa jina hilo zilikuwa zimevuka Sahara juu ya ngamia kutoka nchi ya Wahausa, kaskazini mwa Nigeria ya leo. Heinrich Barth, msafiri Mjerumani aliyefika Kano, mji wa Wahausa, mwaka 1851, aliandika habari za ngozi nyekundu zilizopelekwa hadi Tripoli. Sifa zangu nazielekeza kwa aliyezitengeneza.

Fundi huyo huloweka ngozi mbichi katika maji ya majivu mpaka manyoya yalegee, ndipo ayakwangue. Kisha hutwanga maganda ya mgunga, akayatia majini, akaizamisha ngozi humo. Akaigeuza, akaikamua, akairudisha tena. Akifanya pupa, juu itaiva na ndani ibaki mbichi, nayo itaoza. Hana kipimo ila vidole vyake. Wekundu huupata kwenye mabua ya aina fulani ya mtama, na ulaini kwa mafuta na kusugua, kusugua sana. Harufu ya mahali hapo, tusifichane, si ya kukaribishia wageni. Humo ndimo itokamo mito ya kuegemea, viatu, matandiko ya farasi, ala za panga na mikoba ya misahafu.

Mwishoni mwa karne ya 19, wakutubi wa Uingereza walikuwa wakiona majalada mapya yakimomonyoka kuwa unga mwekundu, ilhali ya kale yangali imara. Kamati ya chama cha Society of Arts cha huko ilichunguza, na ripoti yake ya 1901 ikailaumu, pamoja na mengine, asidi ya salfa iliyotumiwa viwandani wakati wa kutia rangi. Mwaka huohuo Douglas Cockerell, mjalidi wa London, aliisifu katika kitabu chake ngozi ya mbuzi iliyoletwa kutoka eneo la mto Niger, ndiyo hii ya Wahausa: rangi yake, umbile lake, na jinsi ilivyostahimili majaribio. Mgunga na mtama viliwashinda wenye mitambo.

Tangu hapo wajalidi wa Kiingereza wameiita ngozi hiyo kwa jina la mto Niger. Naiona ni haki iliyochelewa, tena nusu: waliostahili kutajwa ni Wahausa.