Jina Lisiloandikwa

Katika filamu ya Hollywood ya mwaka 1947, Out of the Past, mpelelezi Robert Mitchum anamsaka mwanamke aliyetoroka na dola 40,000. Anakwenda klabu ya usiku kumhoji Eunice, aliyekuwa mtumishi wake. Eunice anasema bibi yule kaenda Florida, ila anagusia kuwa alichanjwa. Chanjo hiyo ndiyo inayompeleka mpelelezi Meksiko.

Eunice aliigizwa na Theresa Harris. Hachekeshi wala hajipendekezi. Ametulia mezani kama mtu mwenye maisha yake. Lakini orodha ya waigizaji haikumtaja. Mimi nami niliitazama filamu hiyo mara nyingi bila kuuliza jina lake. Alifariki mwaka 1985. Anayewatafuta waliosahauliwa asianzie kwenye orodha; aanzie kwenye nyuso.