Gojira na Mkasi: Jinsi Filamu ya 1954 Ilivyosukwa Upya kwa Marekani

Filamu ya Gojira, inayohusu dubwana linaloiharibu Tokyo, iliyoongozwa na Ishirō Honda na kutolewa na kampuni ya Toho mwezi Novemba 1954, ilisambazwa Marekani mwaka 1956 kwa jina Godzilla, King of the Monsters!, ikiwa imepunguzwa kutoka dakika 96 hadi takriban 80, ingawa ilikuwa imeongezewa mhusika ambaye Honda hakumbuni. Mhusika huyo ni mwandishi wa habari Steve Martin, aliyeigizwa na Raymond Burr katika maonyesho mapya yaliyoongozwa na Terry O. Morse, na ukarabati wote ulijengwa juu ya mhusika huyo.

Badiliko la kwanza lilihusu mpangilio wa matukio. Honda anaanzia baharini, ambako mwanga wa ghafla unateketeza meli. Morse anaanzia Tokyo iliyokwisha kuwa magofu, kisha anatumia mbinu rejeshi, yaani kuirudisha hadhira nyuma, huku Martin akisimulia. La pili lilihusu uhariri, ambao ni ufundi wa kukata na kuunganisha vipande vya picha: Burr, aliyepigwa picha Marekani, anatazama nje ya fremu, kisha hufuata uso wa mwigizaji wa Kijapani, na pale walipohitajika kuonekana pamoja, watu wengine walivalishwa kama wahusika wa Honda na kuonyeshwa kwa mgongo. La tatu lilihusu lugha, kwani baadhi ya mazungumzo yaliingizwa sauti za Kiingereza, na mengine yakaachwa katika Kijapani ili ofisa anayeandamana na Martin amfasirie, hivyo ukalimani ukawa sehemu ya hadithi yenyewe.

Ufundi huo ni wa werevu mkubwa, lakini gharama yake ni nzito. Miezi minane kabla ya filamu kutolewa, tarehe 1 Machi 1954, wavuvi 23 wa meli ya Daigo Fukuryū Maru walinyeshewa majivu yenye mnururisho kutokana na jaribio la bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki, na watazamaji wa Japani waliutambua msiba huo katika meli ya Honda. Toleo la Marekani halikufuta kila kutajwa kwa bomu, ila liliondoa sauti za Wajapani waliobeba uchungu wake: abiria wa treni aliyenusurika Nagasaki, wabunge wanaobishana kama ukweli kuhusu dubwana utangazwe au ufichwe, na onyo la mwisho la Profesa Yamane, mwanasayansi wa filamu hiyo, kwamba majaribio yakiendelea, dubwana jingine huenda likazuka.

Mahali pa onyo hilo pana maneno ya Martin yenye faraja kwamba hatari imepita. Dubwana la Eiji Tsuburaya, fundi wa athari maalumu wa filamu hiyo, linakanyaga majengo yaleyale katika matoleo yote mawili, lakini katika la kwanza Wajapani wanasimulia maafa yao wenyewe, na katika la pili wanasimuliwa na mgeni.